Wenyeji wa Tanga, nikae wapi na kompyuta yangu nipate na kahawa ya maana?

Mkaa_na_Chaja (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimehamia Tanga mjini kutokea Dar. Sababu ni za kifamilia: mama amebaki peke yake Chumbageni, na kati ya watoto wake mimi ndiye ambaye kazi yangu inabebeka. Natunza vitabu vya hesabu vya kampuni moja ndogo ya Berlin. Ankara, malipo, marejesho ya kodi, basi. Kila siku kwa saa zao za asubuhi tunaonana kwa video.

Nyumbani imeshindikana. Mama akiniona nimekaa mbele ya kompyuta anajua sina kazi, kwa hiyo ananituma dukani. Wageni wakija lazima nitoke niwaamkie, na hapo hakuna salamu ya dakika mbili. Jirani ana jogoo, na ana redio.

Dar kule Masaki na Mikocheni nilishazoea. Unaingia saa tatu, unaagiza, unachomeka chaja, hakuna anayekuuliza kitu mpaka unatoka. Hapa nimezunguka. Migahawa mizuri ya chakula nimeiona, hoteli zenye bustani inayotazama bahari nimeziona, na kahawa ya barazani nimeinywa, ile kwa kweli Dar hakuna. Ila vyote pamoja chini ya paa moja sijaviona: kahawa ya kuchemshwa na siyo ya unga wa kopo, soketi inayofanya kazi, na ukimya wa saa moja tu nizungumze na Wajerumani wangu.

Nipeni ramani. Tafadhali msiniambie nirudi Dar.

Mgosi_Makorora

Waja leo waondoka leo, wewe umekuja ukakaa, karibu mgosi. Nimekaa paleee nasubiri majibu na mimi, maana nyumbani shemeji yenu kanichoka.

Barabara_ya_Kumi_na_Mbili

Mleta uzi, unatafuta kitu kimoja kumbe ni vitatu, na kwenye mji huu kila kimoja kina mtaa wake.

Kahawa iko Ngamiani, huku kwetu kwenye mitaa ya namba. Jua likishapunguza ukali mabaraza yanajaa, dele, lile birika la kahawa, liko jikoni, vikombe vinagongwa. Lakini ukifungua kompyuta pale umefungua kikao: wewe nani, mtoto wa nani, hicho unachoandika kinalipa shilingi ngapi, na je, mwanangu aliyemaliza chuo unaweza kumwingiza? Kazi hutafanya.

Chakula kiko katikati ya mji, kuanzia sokoni kuzunguka mpaka bustani ya Uhuru. Biriani, mishikaki, juisi ya miwa, juisi ya ukwaju, vyote vya uhakika. Ila ni mahali pa kula na kuondoka. Sahani zinagongana, na mchana kuna mtu amesimama nyuma yako anakiangalia kiti chako kwa mapenzi.

Ukimya uko Ras Kazone, ile barabara ya Bombo ukiifuata mbele. Hoteli za upande wa bahari, miti mikubwa, upepo. Siku za kazi asubuhi unaweza kukaa bustanini mpaka ukasahau kama uko mjini. Zamani palikuwa patupu zaidi, sasa tangu mambo ya bomba la mafuta la kutoka Hoima yaanze kule Chongoleani wageni wa makampuni wameongezeka, lakini bado pana nafasi. Kahawa ya huko sasa. Mara nyingi utaletewa chupa ya maji ya moto, kopo na kijiko, ujichanganyie mwenyewe. Umeonywa.

Mimi ningeigawa siku. Kazi Ras Kazone au maktaba, chakula mjini, kahawa Ngamiani jioni kazi ikiisha.

Mkaa_na_Chaja

Umenifungua macho mkuu. Maktaba ipi hiyo? Bado inafanya kazi?

Msomaji_Kimya

Inafanya. Ni maktaba ya mkoa, lile jengo la zamani la King George VI Memorial Library, sasa liko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa kazi ya kimya kama hesabu hakuna hoteli inayolifikia. Kiti cha mbao, meza, dirisha, na wanafunzi waliokuzunguka wote wameinamisha vichwa, kwa hiyo hata wewe unaona aibu kufungua mtandao wa umbea.

Masharti unayajua: huongei, hunywi. Mkutano wa video itabidi utoke nje. Soketi usizitegemee, jaza chaji usiku. Na mwezi wa kumi, kidato cha nne wakikaribia mtihani wao wa Novemba, viti ni vya kuwahi. Mtu mzima na kompyuta yake akimnyima kiti mtoto wa mtihani, sisi tutamtazama tu, lakini kwa jicho lile.

Bando_Limeisha

Mnamzungusha bure. Aingie mgahawa wowote, anunue kahawa, akae. Ameshalipia, kiti ni chake. Akiambiwa atoke adai risiti. Hawa wenye migahawa wa kwetu hawajui biashara, wanabania umeme kama wanauzalisha wao.

Mgahawa_Mdogo

Nilikuwa nasoma tu, ila huyu Bando_Limeisha amenitoa. Mimi ninao mgahawa, sitasema uko wapi, sitaki kuonekana najitangaza. Ngoja niwaonyeshe upande wa kaunta.

Umeme kwanza, maana ndio watu wanaotusingizia. Chaja ya kompyuta ni wati 65 hivi. Hata ikivuta kwa nguvu yote saa nne mfululizo, ni kama robo ya uniti. Uniti moja ya TANESCO kwa mtumiaji wa kawaida haifiki shilingi 400. Kwa hiyo umekaa asubuhi nzima umekula umeme wa shilingi mia. Nani atamfukuza mteja kwa shilingi mia? Friji langu la soda linakula zaidi ya nyinyi wote.

Shida ni kiti. Nina meza sita. Kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa, meza inakalisha watu wanne, wanakula, wananawa, wanaondoka, wanaingia wengine wanne. Sasa saa saba mchana mtu mmoja ametandaza kompyuta, chaja, simu mbili na daftari kwenye meza ya watu wanne, na kikombe cha tangu saa nne kimeshakauka. Hapo siuzi kahawa tena, nimepangisha ofisi kwa bei ya kikombe. Wateja wa wali wanachungulia mlangoni, wanaona pamejaa, wanakwenda kwa jirani. Na huyo mtu wa kompyuta bado ananiomba nipunguze sauti ya redio, na anamwambia binti yangu wa jikoni asitwange.

Lakini saa nne mpaka saa sita? Njooni! Chai na supu zimekwisha, cha mchana kiko motoni, wafanyakazi wamekaa, feni zinazungukia viti vitupu. Vilevile saa tisa mpaka kumi na moja. Saa hizo mtu akikaa peke yake kwenye meza ya wanne ananisaidia, kwa sababu mgahawa wenye mtu ndani unaita watu. Sijawahi kuona mteja wa kompyuta anauliza, "Saa zenu za ukimya ni zipi?" Wanaingia tu, tena wanaingia saa sita kasorobo.

Kuhusu kahawa mnayoililia. Mashine ya espreso ya vichwa viwili inavuta kama kilowati tatu, inataka karibu nusu saa ipate moto sawasawa, ndipo isukume maji kwa presha ya baa 9. Umeme ukikatika saa mbili asubuhi ukarudi saa nne, asubuhi yangu imekwenda. Ongeza fundi, ambaye hapa mjini simpati, na vifaa vya kuagiza. Kwa wateja wangu wanaotaka kahawa ya aina hiyo, ambao nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, haijilipi hata mwaka wa tano.

Ninachotumia ni plunja, lile birika la kioo unalobinya juu, na kile kibirika cha Kitaliano cha kuweka jikoni. Vyote vinataka jiko la gesi tu. Umeme uwepo usiwepo, kahawa nzito unapata, na maziwa yetu ya Tanga Fresh nikiyachemsha na kuyapiga yanatoa povu la kutosha, siyo kama la mjini Dar lakini utalipangusa mdomoni.

Bando_Limeisha

Sawa mama/baba mwenye mgahawa. Nimekusoma. Lakini mbona hamuandiki hizo saa mlangoni? Mteja atajuaje?

Mgahawa_Mdogo

Hilo umenishika. Kweli hatuandiki.

Laini_Mbili

Nifundishe kidogo habari za mtandao, maana huu uzi unaongea kahawa tupu na bosi wa Berlin haoni kikombe, anaona sura imeganda.

Usichague mgahawa kwa sababu ukutani wamebandika "waifai bure". Ruta moja ya bando la mwezi inagawiwa watu wote wa ukumbi na watoto wa mwenye nyumba wanaotazama katuni nyuma. Nenda na laini zako mbili za kampuni tofauti, na pima kasi ukiwa umekaa kwenye kiti chenyewe. Getini inasoma vizuri, ukienda kona ya ndani yenye ukuta mnene wa zamani inakufa. Mji wetu una majengo ya enzi ya Mjerumani yenye kuta ambazo simu haipenyi.

Watu wanapima kasi ya kushusha wanafurahi. Mkutano wa video unategemea pia kasi ya kupandisha. Megabiti moja na nusu kwa sekunde ya kupanda inatosha kwa picha nzuri. Ikishuka chini, zima kamera ubaki na sauti, ambayo inaridhika na kilobiti mia moja tu. Bosi atakusikia vizuri, na hiyo ndiyo ajira. Bando nalo lina hesabu yake: mkutano wa video wa watu kadhaa unaweza kula GB nzima kwa saa, kwa hiyo kifurushi cha wiki cha kijana wa kawaida unakimaliza Jumanne.

Usidhani laini mbili zinakulinda na kila kitu. Mei 2024 zilipokatika nyaya za baharini za EASSy na Seacom, mitandao yote iliyumba kwa pamoja, aliyekuwa na laini moja na aliyekuwa nazo nne walikaa barazani pamoja. Mwambie bosi mapema kwamba siku kama hizo zipo, usisubiri itokee ndipo uanze kujieleza. Na kama kampuni yenu inakutaka uingie kwa VPN, kumbuka TCRA ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia waziandikishe kwao. Malizana na hilo ukiwa na nafasi.

Mgahawa_Mdogo, kwako ushauri wa bure: ruta inatumia volti 12 na wati chache mno. Kuna vibetri vidogo vya kuunga katikati ya ruta na ukuta. Umeme ukikatika taa zinazima, mtandao unabaki. Mteja wa kompyuta ana betri yake mwenyewe, kwa hiyo hatajua hata kama umeme umekatika mpaka feni isimame. Hicho kitakuletea watu kuliko mashine ya espreso.

Mgahawa_Mdogo

Hilo sikulijua. Nitauliza madukani.

Dada_wa_Sahare

Kaka zangu, mmepanga siku ya mwanamume. "Jioni kahawa Ngamiani" mnaisema kama vile kila mtu anaweza kukaa pale.

Mimi naandika maombi ya ruzuku na ripoti kwa mashirika, nafanya kazi ileile ya kompyuta. Barazani sikai. Hakuna aliyenikataza, hakuna atakayenifukuza. Lakini nikisogea tu mazungumzo yanakatika, mzee mmoja anainuka anitafutie kiti cha peke yangu pembeni, wote wanaanza kuongea kwa adabu, na kabla ya Isha shangazi yangu ameshapigiwa. Kahawa ya dele naipenda kuliko nyinyi. Namtuma mtoto na chupa.

Sehemu ya kufanyia kazi mimi siianzii kwenye kahawa. Naanza na choo: ni kisafi, kina komeo, kina maji? Mwanamume anaweza kukaa saa tano asilione hilo swali. Kisha naangalia pakoje jua likizama. Baadhi ya zile bustani za bahari asubuhi ni pepo, ikifika saa kumi na mbili vinaletwa viti vya plastiki, muziki unapandishwa, pombe inaanza, na mimi niliyekuwa mteja wa heshima naanza kuulizwa namba ya simu. Natoka kabla ya hapo, na dereva wa bodaboda namwita ninayemjua.

Hoteli kila siku pia siwezi. Si gharama tu. Mji huu ni mdogo, binti akionekana anaingia hoteli moja kila asubuhi na mkoba, ripoti ya ruzuku haiaminiki.

Kinachonifaa ni mgahawa wa familia ambao mama mwenyewe yuko kaunta. Kwa hiyo Mgahawa_Mdogo, hiyo saa nne yako nimeipenda. Choo kikoje?

Mgahawa_Mdogo

Kina komeo na pipa la akiba maji yakikatika. Na kaunta niko mimi, mama wa watoto watatu. Karibu mwanangu.

Bando_Limeisha

Kumbe ni mama. Shikamoo mama, nilikuja juu kidogo pale mwanzo.

Mgahawa_Mdogo

Marahaba. Usijali, kijana wa bando nakufahamu tabia.

Barabara_ya_Kumi_na_Mbili

Dada wa Sahare amesema kweli na sisi wa barazani hatuna cha kujibu. Nimemuuliza mke wangu sasa hivi kahawa huwa anainywea wapi, akaniangalia tu.

Mzee_wa_Dele

Vijana, hamjambo. Mjukuu kanisomea huu uzi, naye ndiye anayeniandikia.

Mnaongea kahawa bila kusema inavyopatikana. Sisi tunakaanga wenyewe. Buni kwenye kikaango, moto wa mkaa, unakoroga usiache, mpaka iwe nyeusi na ianze kutoa mafuta. Wengi wanaogopa hapo, wanaepua mapema, kahawa inakuwa chachu. Ikipoa unaitwanga kwenye kinu, na tangawizi kavu, wengine na iliki. Mimi iliki kidogo sana, isije ikawa chai. Kisha unachemsha, na kuchemsha huku siyo kutokota mara moja ukaepua. Unaiacha mpaka iungane. Ndipo inaingia kwenye dele, na dele linakaa juu ya jiko lake la mkaa muda wote, ili kikombe cha mwisho kiwe na moto uleule wa kikombe cha kwanza. Machujo yanakaa chini, mmiminaji anajua asiinamishe sana.

Sukari hatutii. Utamu uko kwenye kashata. Unang'ata, unapiga funda. Ukitaka halua sawa, ukitaka tende sawa.

Buni nzuri mnaipita barabarani mkienda Lushoto. Usambara wanalima arabika. Wengine hapa wanachanganya na robusta ya Bukoba ili ipate nguvu, na kwa dele hilo si kosa, robusta inavumilia kuchemshwa. Wewe unayetaka ya plunja chukua arabika, iliyokaangwa karibuni, usagiwe kwa chembe kubwa. Muuzaji akishindwa kukuambia imekaangwa lini, mwache nayo.

Hao Wajerumani wako waambie babu zao waliilima kahawa Usambara miaka ya 1890 na mashamba mengi yakawashinda, wakaegemea mkonge. Reli walianza kuijenga hapahapa Tanga mwaka 1893, na mkonge wenyewe uliletwa mwaka uleule. Kahawa iliyokuja kushika vizuri ni ile ya Kilimanjaro, nayo ilishuka kwa reli hiyohiyo kuja bandarini kwetu. Tukiinywa hapa hatujaikopa kwa mtu.

Kompyuta barazani sijaikataza. Ila nauliza, ukiifungua unataka tukusemeshe au tukunyamazie?

Mkaa_na_Chaja

Shikamoo mzee. Swali lako limenikaa. Nitakuja bila kompyuta.

Mzee_wa_Dele

Marahaba. Njoo baada ya Alasiri, magharibi pamejaa.

Jirani_wa_Bagamoyo

Nachungulia kutoka Bagamoyo. Sisi tuko kilomita sitini na kitu tu kutoka Dar, kwa hiyo shida yetu ni wikiendi. Ijumaa jioni magari yanamiminika, Mji Mkongwe unajaa, barabara ya India huwezi kusikia simu yako. Jumatatu mpaka Alhamisi nyumba zilezile za mawe ziko wazi, unakaa barazani kwenye kivuli na jambo pekee litakalokukatiza ni wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wanapiga ngoma mazoezini. Kwa mikutano ya video hiyo ngoma imewahi kunipatia wateja. Mmoja aliniuliza kama ni redio.

Barabara_ya_Kumi_na_Mbili

Nisisahau mambo ya kalenda, mleta uzi utaumia usipoambiwa.

Ijumaa kuanzia saa sita maduka mengi yanafungwa watu waende msikitini, panga mkutano wako mbali na hapo. Ramadhani migahawa mingi mchana haifunguliwi kabisa, na iliyofunguliwa imeteremsha mapazia, hakuna wa kukukaribisha ukae na kikombe mezani. Mwezi huo ni maktaba na hoteli. Usiku lakini mji ndio unaamka, baada ya Tarawehe kahawa inanywewa mpaka daku, na kama una mteja wa Marekani huo ndio mwezi wako.

Coastal Union wakiwa Mkwakwani usikae maeneo yale na hedifoni ukadhani zitakusaidia. Simba na Yanga zikicheza usikae popote penye televisheni.

Laini_Mbili

Nyongeza kwa hesabu za saa. Berlin wakiwa kwenye saa za baridi tunawatangulia saa mbili, wakibadilisha majira ya joto tunawatangulia saa moja. Kwa hiyo kikao chao cha saa tatu asubuhi kinakuja kwetu saa tano au saa nne. Angalieni sasa: ni palepale kwenye saa za viti vitupu vya mama Mgahawa_Mdogo. Mleta uzi alikuwa na jibu mfukoni.

Mwenye mteja wa New York ndiye ana kazi. Asubuhi yao ya saa tatu ni jioni yetu saa kumi au kumi na moja, na mikutano inakwenda mpaka usiku. Huyo hana mgahawa Tanga, atafute chumba.

Mkaa_na_Chaja

Mrejesho, wakuu.

Asubuhi mapema nakwenda maktaba. Hesabu za kulinganisha benki na ankara zinakwenda haraka kuliko nilivyokuwa Dar, nadhani kwa sababu pale hakuna cha kutazama. Kabla ya mkutano nahamia kwa mama Mgahawa_Mdogo, alinielekeza inbox, ni mwendo wa miguu. Nimepewa meza ya ukutani, ya watu wawili. Saa sita ikigonga nafunga kompyuta bila kuambiwa, na ninakula palepale, kwa hiyo nikawa mteja wa wali pia.

Kahawa ya plunja ni nzuri. Nilimpelekea buni ya Lushoto ili ajaribu, akasema ni chachu, tukagundua ilikaangwa kidogo mno. Akairudisha kwenye kikaango mwenyewe. Sijui kama wataalamu wanaruhusu hivyo, lakini ilinyweka.

Hoteli za Ras Kazone nimezibakiza kwa siku za kazi ndefu isiyo na mikutano. Nilijaribu mkutano mmoja huko bustanini, kunguru wakaingilia. Wajerumani walisikia vizuri sana, tatizo walikuwa wanawasikia kunguru.

Barazani nimekwenda kwa mzee. Hapo sina cha kuandika, nendeni wenyewe.

Mgosi_Makorora

Yaani nimekaa paleee muda wote huu, kumbe nafasi zimeanza kuchukuliwa. Mama, meza zimebaki ngapi?

Mgahawa_Mdogo

Nataka kuweka utaratibu sasa maana inbox imejaa. Nitaandika mlangoni: saa nne hadi saa sita, na saa tisa hadi kumi na moja. Meza ya ukutani, soketi, plunja moja ya watu wawili, elfu tano. Kibetri cha ruta nimeshanunua.

Bando_Limeisha

Elfu nne mama. Mimi nakunywa kikombe kimoja tu.

Dada_wa_Sahare

Mimi natoa elfu tano, ila meza ile inayotazama kaunta iwe yangu Jumatatu na Jumatano.

Mgahawa_Mdogo

Dada kapata. Bando_Limeisha, elfu tano na kashata mbili juu yake.

Bando_Limeisha

Kashata tatu.

Mgahawa_Mdogo

Njoo saa nne kamili. Saa sita kasorobo sikupokei.